Mazuku ya Goma: mwongozo kamili wa kuyatambua, kuyakwepa na kumtoa mtu aliyenaswa

Mwulize mtu wa Goma ni nini kinachomtisha, atanyosha kidole kaskazini. Volkano ya Nyiragongo iko pale, mita 3,470, na imeshuka kwetu mara tatu ambazo hatuwezi kuzisahau: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Lakini mlima una kelele zake. Ardhi hutetemeka, anga huwa jekundu, simu zinalia, watu wanashika barabara ya Sake au ya mpakani. Mazuku, yaani mifuko ya gesi ya sumu inayotoka ardhini na kutuama sehemu za chini, hayana kelele. Kati ya mlipuko mmoja na mwingine hupita miaka mingi, na katika miaka hiyo yote gesi inaendelea kutoka chini upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi na Keshero hadi Lac Vert, Bulengo, Mugunga na kuelekea Sake. Inaua mbuzi, ndege, nyoka, na mara kwa mara inaua watu.

Jambo moja linanisumbua: wengi wetu tunayaongelea mazuku kana kwamba ni bahati mbaya, au mkono wa mtu mbaya. Hapana. Mazuku yanafuata kanuni chache sana, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuzishika zote katika mchana mmoja. Kanuni zenyewe ni urefu wa pua yako kutoka ardhini, umbo la mahali uliposimama, na saa ya siku. Mengine yote hapa chini yanatoka humo.

Hatua ya kwanza: ijue gesi yenyewe

Kinachoua ni kaboni dioksidi. Haina rangi wala harufu. Ni ileile tunayoitoa puani, ileile inayotoa povu kwenye bia na Fanta. Katika hewa ya kawaida iko kidogo sana, takriban asilimia 0.04. Hewa unayoitoa kifuani ina karibu asilimia 4. Ndani ya baadhi ya mashimo ya mazuku imepimwa ikapita asilimia 90.

Inatoka wapi? Mji wetu umekaa ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ganda la dunia linavutwa pande mbili na kupasuka. Chini kabisa kuna mwamba ulioyeyuka, wenye gesi iliyobanwa ndani yake na uzito wa ardhi. Kadiri mwamba huo unavyosogea juu, gesi inaachana nao na kutafuta njia: nyufa, mianya ya lava ya zamani, mawe yenye matundu. Ndiyo maana mlima hauhitaji kulipuka. Unaweza kuwa umetulia kabisa, na gesi ikaendelea kupanda kwenye ua wa mtu ulio kilomita 15 kutoka kwenye kreta.

Mambo mawili ya gesi hii lazima yakae kichwani. La kwanza, ni nzito: ujazo uleule wa kaboni dioksidi una uzito wa mara moja na nusu ya hewa. Kwa hiyo inashuka na kutulia chini. La pili, na hili wengi hawalijui, haiui kwa kufukuza oksijeni peke yake. Yenyewe ni sumu ikizidi, kwa sababu inaifanya damu kuwa na asidi na kuvuruga ubongo. Kwenye asilimia 3 pumzi inaanza kwenda mbio. Kwenye 5 kichwa kinauma, jasho linatoka, kizunguzungu kinaanza. Kati ya 7 na 10 mtu anapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Ikipita 15, muda unazidi kufupika, na kwenye 30 na kuendelea ni pumzi chache tu, pengine moja au mbili.

Hapo ndipo uongo wa «nitasikia tu, nitakimbia» unapovunjika. Ukiwa mahali penye asilimia 3 au 4, kweli mwili utakupa habari. Lakini kwenye shimo, mpaka kati ya hewa safi na gesi unaweza kuwa mkali. Kifua kiko salama, unainama kufunga kamba ya kiatu, na kichwa kinaingia moja kwa moja kwenye asilimia 40. Mwili haupati nafasi ya kukuonya. Waliookoka husema walisikia pua ikiwasha na ladha ya uchachu mdomoni, kama wamevuta povu la soda, halafu basi.

Hatua ya pili: ione kwa macho yako, nyumbani, bila hatari

Kabla ya kumweleza mtoto asiende bondeni, mwonyeshe. Jaribio hili linahitaji vitu vya sokoni. Chukua sufuria yenye kina, ya lita 5 hivi. Ndani yake simamisha mishumaa miwili: mmoja mfupi juu ya kikombe kidogo kilichopinduliwa, mwingine mrefu unaokaribia mdomo wa sufuria. Nyunyiza kijiko kikubwa kimoja cha bikaboneti ya kupikia chini, kuzunguka kikombe. Washa mishumaa yote. Sasa mimina taratibu glasi moja ya siki, ikipita ubavuni mwa sufuria, usiimwagie mishumaa. Kama siki hakuna, maji ya ndimu yanafaa.

Povu litafura. Kijiko hicho kimoja kinatoa lita tatu hadi nne za kaboni dioksidi, na hutaona chochote kikitokea juu ya povu. Halafu mshumaa mfupi utazimika. Ule mrefu utaendelea kuwaka, hewa ileile, sufuria ileile. Ukiongeza bikaboneti na siki, nao utafuata.

Mwachie mtoto aulize mwenyewe kwa nini. Kisha mwambie mshumaa mfupi ni yeye na mbuzi wake, mrefu ni baba yake. Mtu mzima anaweza kukatiza kwenye bonde akiwa amesimama na asisikie kitu, huku mtoto anayemfuata nyuma akianguka. Hii ndiyo sababu mzee anayekwambia «mimi napita hapa kila siku» hakuambii kitu chochote kuhusu usalama wa mtoto wako.

(Fanyeni jaribio hilo dirisha likiwa wazi, na mtoto asiingize uso ndani ya sufuria. Kiasi ni kidogo, lakini tabia mbaya huanzia hapo.)

Hatua ya tatu: soma umbo la ardhi

Unapofika kwenye kiwanja usichokijua, usiangalie kwanza nyumba za majirani. Jiulize: mvua kubwa ikinyesha hapa, maji yataenda wapi na yatatuama wapi? Gesi inafuata njia hiyohiyo. Inateremka, inajaa kwenye shimo, ikifurika inavuka ukingo na kuteremka tena mpaka ifike mahali inapozuiwa.

Goma inadanganya kwa sababu ardhi yake ni lava. Maji hayatuami, yanapotelea kwenye mawe, na wewe unadhani hakuna bonde. Kwa hiyo tumia macho, au nenda na bidoni (dumu) yenye maji nusu: ilaze juu ya ubao uone upande ambao maji yanaelekea. Tafuta hasa haya: mashimo yaliyozungukwa na kuta za lava, nafasi kati ya mkondo mmoja wa lava ya zamani na mwingine, mapango na mahandaki ya lava ambayo dari zimeanguka, machimbo ya mawe na ya mchanga mweusi yaliyoachwa, na ukanda wa chini kabisa kabla ya Ziwa Kivu, ambapo miteremko yote inakutana. Huu wa mwisho ndio wenye watu wengi, maana kila mmoja anataka kuwa karibu na maji.

Kisha tafuta nyufa. Mazuku ya magharibi ya mji hayakutawanyika ovyo. Yamejipanga kufuata mipasuko ya ardhi. Ukiambiwa kuna eneo la mazuku mita 200 kutoka kwenye parseli unayotaka kununua, simama pale na uangalie upande ambao ufa unaelekea. Kama unaelekea kwako, bei nafuu uliyopewa ina sababu yake.

Kuhusu kununua: uliza watu watatu tofauti, na muuzaji asiwe mmojawapo. Mama mwenye shamba jirani, kijana anayechunga, shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa). Swali lisiwe «kuna mazuku hapa?», kwa sababu kila mtu atalinda thamani ya mtaa wake. Uliza, «mbuzi huwa hawafungwi upande gani?» Jibu litakuja lenyewe.

Hatua ya nne: jua saa yake

Mahali pamoja panaweza kuwa salama saa nane mchana na kuua saa kumi na moja alfajiri. Mchana jua linapasha ardhi, hewa inapanda na kuchanganyika, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na kuitawanya gesi. Usiku kinyume: ardhi inapoa, hewa baridi inalala chini, upepo unakufa au unateremka polepole kuelekea ziwani. Gesi iliyotoka usiku kucha inabaki palepale, inajilimbikiza, na inafikia kiwango chake kikubwa karibu na mapambazuko.

Na mapambazuko ndiyo saa ya Goma kuamka. Ndiyo saa ya mama na wasichana kushuka ziwani na bidoni kabla ya foleni. Ndiyo saa ya kutafuta kuni, ya kufungua mbuzi, ya mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kuinama akisukuma mzigo wa makala (makaa) mlimani. Yaani hatari inapanda wakati watu wetu, na hasa wanawake na watoto, wako chini na wameinama. Kama familia yako inateka maji upande wa Keshero au Bulengo, badilisha jambo moja tu: wasishuke kabla jua halijatoka vizuri, na kama hakuna upepo wangojee zaidi. Saa mbili asubuhi ni bora kuliko kumi na moja. Najua foleni inakuwa ndefu. Kama haiwezekani kabisa, waende wawili wawili wakiachana hatua ishirini, wafuate njia iliyoinuka hata kama inazunguka, na wasikae chini kupumzika mahali popote njiani. Kukaa chini ndiko kunakomfikisha mtu mzima kwenye urefu wa mtoto.

Siku ya mawingu mazito isiyo na upepo ihesabu kama usiku mrefu. Usiitegemee saa ya ukutani pekee.

Hatua ya tano: alama za mahali

Alama ya wazi kuliko zote ni maiti. Ndege waliokufa bila jeraha, panya, mijusi, nyoka, wadudu wengi mahali pamoja: ondoka kwa njia uliyojia, ukiwa umesimama wima. Usimwokote ndege huyo. Mtego wa mazuku unajinoa wenyewe kwa namna hii: mnyama anakufa, mbwa anafuata nyama, mtu anamfuata mbwa.

Ya pili ni majani. Mahali ambapo gesi inatoka kwa wingi udongo wenyewe unakosa hewa, mizizi inaoza, na unaona doa lililokauka au lenye mimea mifupi katikati ya kijani. Ila usigeuze kanuni hii. Majani mazuri hayathibitishi usalama, kwa kuwa gesi inaweza kuwa imetiririka kutoka penye doa hadi penye kijani.

Ya tatu ni moto. Njiti ya kiberiti inayozimika ukiishusha, sigara inayokufa, mbabula (jiko la makaa) inayokataa kuwaka kwenye kona moja ya ua na kuwaka vizuri kwenye kona nyingine. Injini ya pikipiki pia inahitaji oksijeni. Ikikohoa na kuzimika ndani ya bonde bila sababu, motari, yaani dereva wake, asishuke kuinama kuangalia plagi. Aiache, apande juu kwa miguu, airudie jua likiwa kali.

Mbao na mawe yenye rangi yaliyowekwa kuonyesha maeneo ya mazuku yapo sehemu fulani, na ni kazi nzuri. Lakini mbao zinaibwa kwa kuni. Kukosekana kwa ubao si cheti.

Hatua ya sita: kupima, na vipimo vinavyodanganya

Kipimo cha zamani ni taa. Huko Italia, karibu na Napoli, kuna pango maarufu, Grotta del Cane, ambako kwa karne nyingi wageni walionyeshwa mbwa akizimia chini huku wao wamesimama salama, na mienge ikizimwa ikishushwa sakafuni. Watu wetu wanafanya hivyohivyo kwa taa ya kibatari. Ukilazimika, funga taa kwenye mti wenye urefu wa mita tatu au zaidi, simama upande upepo unakotoka, mahali pa juu, na uishushe bila kuinama. Ikizimika, hapo hapaingiwi.

Ikiendelea kuwaka, bado hujajua kitu. Mwali wa moto unavumilia kaboni dioksidi kuliko ubongo wako. Mtu anaweza kuanguka mahali ambapo mshumaa bado unawaka vizuri. Kwa hiyo taa ina jibu moja tu, «hapana». Haina jibu la «ndiyo».

Kosa linalofanana na hilo ni kutumia kipimo cha oksijeni, vile vifaa vidogo vya mgodini ambavyo vinapatikana huku kwetu kwa urahisi. Hesabu mwenyewe. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9. Ikichanganyika na kaboni dioksidi mpaka ifike asilimia 4, kiwango ambacho wataalamu wa usalama kazini wanakihesabu kuwa hatari ya papo hapo, oksijeni inashuka hadi 20.1 tu. Kengele nyingi za oksijeni hulia kwenye 19.5. Kifaa kitakaa kimya huku wewe unaanguka. Unachohitaji ni kipimo cha kaboni dioksidi chenyewe, na uangalie mwisho wa kipimo hicho: vile vya bei ndogo vinavyouzwa kwa ajili ya ofisi vingi huishia 5,000 au 10,000 ppm (sehemu kwa milioni), yaani asilimia 0.5 au 1. Vinafaa kwa chumba cha kulala, kukuambia kama gesi inaingia. Havifai kwa shimo. Na zile programu za simu zinazodai kupima gesi ni uongo mtupu. Simu haina kifaa cha kuinusa.

Kikundi cha majirani kinaweza kuchanga na kununua kipimo kimoja kizuri, kikae kwa shefu wa nyumba kumi. Kwa kiwanja kikubwa, shule au kanisa, waendeeni wataalamu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano kilichoko hapa mjini tangu 1986. Wao wana vifaa na ramani za maeneo yanayojulikana.

Hatua ya saba: nyumba na ua

Kama bado hujajenga, panda. Mita moja ya msingi ulioinuliwa ina thamani kuliko dawa yoyote. Chini ya sakafu tandika nailoni nzito, vipande vikipishana vizuri na kuungwa, kisha zege juu yake. Ziba kila mahali bomba linapopita sakafuni, kwa sababu gesi itatumia tundu hilo kabla ya kutumia ukuta.

Madirisha yetu yote yako juu, na hilo ndilo kosa. Gesi nzito haitoki kwenye dirisha la juu. Acha matundu chini, sentimita chache kutoka sakafuni, kwenye ukuta unaotazama kule mteremko unakoshukia, yenye wavu wa kuzuia panya, na mengine juu upande wa pili ili hewa ipite. Chumba cha chini ya ardhi, magharibi mwa Goma, usijenge. Hakuna la kuongeza hapo.

Kama nyumba imeshajengwa, anza na vitanda. Godoro lililo sakafuni ndilo mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba, na watoto ndio wanaolala hapo. Kitanda cha mbao cha nusu mita kinabadilisha hesabu. Kambi za wakimbizi wa ndani zilipojaa Bulengo, Lac Vert na Mugunga, watu walilala juu ya turubai lililotandikwa kwenye lava. Hata vichanja vya mianzi vya kuwainua kidogo vingekuwa kinga.

Choo na shimo la maji machafu vinahitaji sura yake. Kuchimba Goma ni kupasua lava kwa nyundo na tindo, kazi ya siku nyingi, na mchimbaji anashuka kila asubuhi kwenye shimo ambalo lilikaa wazi usiku mzima. Ndiyo saa mbaya kwenye mahali pabaya. Kanuni za kazi hiyo: asishuke mtu kabla ya jua kupanda, shimo lipimwe kila asubuhi, na hata baada ya mapumziko ya mchana, aliye chini awe amefungwa kamba kifuani tangu mwanzo, si baada ya kuanguka, na juu wawepo watu wawili, wasiondoke hata kwa chai. Mwenye parseli anayekataa kulipa mtu wa pili, fundi amkatalie kazi.

Hapa niweke tofauti ambayo inachanganya wengi. Mtu akikutwa amekufa chumbani na mbabula ya makala, hayo si mazuku. Makala yanayowaka penye hewa chache yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi nyingine kabisa, yenye uzito unaokaribiana na wa hewa, ambayo inajaza chumba kizima juu na chini na kushikamana na damu. Kitanda cha juu hakikusaidii kitu dhidi yake. Dawa yake ni moja: mbabula ilale nje.

Hatua ya nane: mtu ameanguka

Soma sehemu hii mara mbili, na uwasomee wa nyumbani. Wengi wanaokufa kwa mazuku hawakuwa wa kwanza kuanguka. Ni ndugu, baba, rafiki aliyekimbia kumwinua.

Ukimwona mtu amelala bondeni, simama. Usishuke. Piga kelele kuita watu, na wakati unapiga kelele angalia upepo unatoka wapi, uende upande huo, juu. Mwite kwa jina. Kama anasikia, mwambie asimame wima na apande kwa upande ulio karibu, asitambae. Tumezoea kuambiwa tutambae kwenye moshi. Kwenye mazuku kutambaa ni kifo.

Kama hajibu, anatolewa kwa kitu kirefu: mwanzi wenye ndoano ya chuma, kamba yenye kitanzi au nanga ndogo, hata ngazi. Mnase kwenye mkanda, nguo, mguu, na mvute. Atachubuka kwenye lava, na haidhuru. Kila mtaa wenye mazuku unapaswa kuwa na mwanzi huo na kamba ya mita 20 mahali panapojulikana na wote, pasipofungwa na ufunguo wa mtu mmoja.

«Nitabana pumzi.» Kila mtu anasema hivyo. Kubana pumzi ukiwa umekaa na kubana pumzi ukivuta mwili wa kilo 60 kwenye mawe ni mambo mawili. Misuli itadai hewa baada ya sekunde chache na utavuta bila kutaka. Kitambaa chenye maji hakisaidii, barakoa haisaidii, hata barakoa ya gesi yenye kichujio haisaidii, kwa kuwa kichujio cha kawaida hakiizuii kaboni dioksidi wala hakitengenezi oksijeni. Anayeweza kuingia ni yule mwenye mtungi wa hewa mgongoni, na zaidi ya hapo hakuna.

Akishatoka, mbebe mpaka mahali pa juu penye upepo, mbali na ukingo. Inamisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, angalia kifua kwa sekunde zisizozidi kumi. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu na usimwache. Kama hapumui, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mara 30, mpulizie pumzi mbili mdomoni ukiwa umebana pua yake. Endelea mpaka apumue au mkabidhiane na mtu mwingine. Pokezaneni kwa zamu. Hapa kuna habari njema: kaboni dioksidi haing'ang'anii damu kama moshi wa makala. Aliyetolewa mapema na kupata hewa safi anaweza kuamka haraka. Hata akiamka apelekwe kituo cha afya chenye oksijeni, kwa sababu ubongo na mapafu yanahitaji kuangaliwa.

Maziwa, mawese, mkojo, chumvi: hakuna hata kimoja. Mtu asiye na fahamu ukimnywesha unamsonga.

Mlima ukilipuka, anza upya

Ramani ya mazuku uliyoizoea inadumu mpaka ardhi ipasuke tena. Mwaka 2002 ufa ulifunguka ubavuni mwa mlima, lava ikakata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani, na nyufa mpya zikawa njia mpya za gesi. Mwaka 2021 lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini matetemeko yaliendelea kwa siku nyingi na tarehe 27 Mei kartie (mitaa) kumi kati ya 18 ziliamriwa kuhama. Waliorudi nyumbani walikagua kuta. Kagua na sakafu: nyufa mpya zipimwe kabla watoto hawajalala humo, na nyumba iliyofungwa ifunguliwe milango na madirisha nusu siku, wewe ukiwa nje.

Watu wataniuliza kuhusu ziwa. Ndiyo, Kivu imebeba gesi nyingi mno: chini kwenye kina kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zimeyeyuka kwenye maji na kubanwa na uzito wa maji ya juu. Ziwa Nyos huko Kamerun, dogo kabisa mbele ya letu, lilifumuka tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Kivu halijafanya hivyo katika kumbukumbu zetu, na gesi yake ya kina imekaa chini ya mita 250 hivi. Rwanda, upande wa Karongi, wanaivuta methani hiyo kutengeneza umeme wa megawati 26. Hilo ni suala la serikali na wataalamu, si la sufuria na mshumaa.

Lako wewe ni ukingo. Gesi inayoteremka usiku inafika ziwani na kulala juu ya maji yaliyotulia kwenye vighuba vidogo, hasa kuelekea Sake na ghuba ya Kabuno. Anayeogelea ana pua sentimita chache juu ya maji, chini hata ya mtoto aliyeketi, na akizimia hapo watu watasema amezama. Ogeni mchana, mawimbi yakionekana, mahali ambapo wengine wanaoga. Maji yakiwa laini kama kioo alfajiri, tekeni mkiwa mmesimama kwenye jiwe la juu, kwa ndoo yenye kamba.